Nyumba ya mizimu kwenye holi ya kaunsili, kwa upande wa moto tujipangeje?

Sofia_Boy
Salamu wote humu. Niko Busia upande wa Uganda, kikundi chetu cha vijana tunataka kufanya nyumba ya mizimu (mtu analipa anapita gizani, waigizaji wanamtisha) mwisho wa Oktoba kwenye holi ya kaunsili, Ijumaa na Jumamosi usiku, kiingilio elfu mbili watoto na elfu tano wakubwa, hela inaenda kununua madawati. Holi ni ile ya zamani, mlango mkubwa wa mbao mbele unafungukia ndani, mlango mdogo nyuma karibu na jukwaa ambao askari hupiga kufuli saa kumi na mbili jioni, na madirisha yote yana grili.

Plani ilikuwa hivi, tunagawanya holi kwa turubai na kaveera (plastiki) nyeusi tunapata vichochoro, juu tunafunika kabisa ili giza liwe giza kweli, majani makavu ya migomba yananing'inia yanakugusa uso, kuna sehemu magodoro yamesimamishwa huku na huku mtu anapita amejibana katikati na kuna mikono inamshika, halafu tadooba (vile vibatari vya mafuta ya taa) nne au tano kwenye makaburi ya maigizo. Moshi tumefikiria sigiri ya makaa tunarushia majani mabichi maana ile mashine ya moshi kuikodi kutoka Kampala ni ghali. Generator ipo stima ikikatika.

Sasa katibu wa holi amegoma kutoa funguo mpaka tumpelekee maandishi ya namna tumejipanga kwa upande wa moto. Mimi ninachojua ni ndoo ya mchanga na mtungi mmoja wa kuzimia, basi. Kuna mtu amewahi kufanya kitu kama hiki anipe mawazo? Tusiambiwe tuache tu, tiketi zimeshaanza kuuzwa.

Mlokole_Tororo
Mizimu tena vijana? Si mfanye tamasha la kwaya, holi ni hiyo hiyo na moto pekee utakuwa wa Roho Mtakatifu.

Sofia_Boy
Haha mchungaji hayo ni maigizo tu, na wanakwaya wenu sita ndio mizimu wetu wakuu.

Afande_Mstaafu
Sofia_Boy kijana wangu, huyo katibu mnunulie soda, kazi yake ameifanya. Mimi nimetoka zimamoto ya polisi, nimestaafu, kwa hiyo nisamehe nikiongea kikazi. Kwenye plani yako sigiri itoke, tadooba zitoke, magodoro yatoke. Hivyo vitatu hatuvijadili. Vingine tutaongea.

Nianze na magodoro maana najua ndiyo unayoyapenda. Godoro la sponji likishika moto linayeyuka huku linawaka, linadondosha matone ya moto chini, na ule moshi wake mzito mweusi una kaboni monoksaidi na sianidi ndani, mtu anauvuta mara chache tu kichwa kinazunguka, miguu inamwisha nguvu, anaanguka hata moto wenyewe haujamfikia. Na hiki unachotaka kujenga kilishajengwa. Mwaka 1984 mwezi wa tano kule New Jersey, Marekani, kwenye bustani ya michezo ya Six Flags kulikuwa na nyumba ya mizimu iliyotengenezwa kwa matrela yaliyounganishwa, ndani giza, kuta za vichochoro zimewekwa sponji watu wasijiumize. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba mtu aliwasha kiberiti cha gesi apate kuona njia, kikagusa sponji. Vijana wanane walikufa humo. Hakukuwa na sprinkla (zile za darini zinazomwaga maji zenyewe moto ukitokea), hakukuwa na king'ora cha moshi. Miaka mitano kabla ya hapo, Juni 1979, treni ya mizimu ya Luna Park kule Sydney iliungua wakafa watu saba, wengi watoto.

Sasa sikiliza hii ndiyo ninayotaka uielewe kuliko mitungi na ndoo. Ile inayofanya nyumba ya mizimu itishe ndiyo hiyo hiyo inayoua watu siku moto ukitokea. Giza, njia za kupotezana, mziki juu, watu wanapiga mayowe. Mtu akipiga kelele "moto!" kwenye harusi kila mtu anageuka. Akipiga kelele hiyo ndani ya nyumba yako wenzake watacheka, watasema huyu jamaa anaigiza vizuri. Moshi nao wataona ni sehemu ya shoo. Kwa hiyo lazima uwe na alama moja tu ambayo haiwezi kuchanganywa na mchezo, na ni hii: TAA ZOTE ZINAWAKA, MZIKI UNAKATIKA. Kila kundi linaambiwa mlangoni kabla ya kuingia, kwa Kiswahili, Lusamia, Luganda, lugha yoyote waliyo nayo, kwamba taa zikiwaka na mziki ukinyamaza mchezo umekwisha, fuata mzimu aliye karibu na wewe atakutoa nje.

Wamarekani baada ya ile 1984 waliliandika hilo kwenye kanuni zao, majengo ya aina hiyo yanatakiwa yawe na sprinkla na vinasa moshi ambavyo vyenyewe vinawasha taa na kukata zile sauti za kuchanganya watu. Wewe sprinkla hutapata kwa hizo elfu mbili, kwa hiyo mahali pa mashine weka mtu. Mtu mmoja, kazi yake swichi tu, haendi kununua rolex ya chapati na mayai, haendi msalani bila kubadilishwa.

fundi_waya
Afande amenitangulia niongeze upande wa stima. Mtu wa swichi atakuwa hana maana kama hamjapanga waya vizuri, maana najua mtakavyofanya, mtachomeka ekstensheni moja ndani ya nyingine ndani ya nyingine mpaka jukwaani, spika, taa nyekundu, feni, chaja ya simu ya DJ, yote kwenye soketi moja. Hapo ndipo moto wenyewe unaanzia hata bila tadooba. Fanya hivi, vitu vyote vya shoo, mziki na zile taa za rangi na za kumetameta, vipite kwenye laini moja yenye swichi moja au sakiti breka moja, akiikata vyote vinakufa kwa pamoja. Taa za kawaida za dari ziwe kwenye laini nyingine na swichi yake iwe hapo hapo pembeni ya mkono wake. Mkono mmoja unakata, mwingine unawasha, sekunde mbili imeisha.

Stima ikikatika je? Na itakatika, hii ni Busia. Nunueni zile balbu za kuchaji ambazo umeme ukiondoka zinawaka zenyewe, zinauzwa hadi kwenye vibanda, mweke moja juu ya kila mlango na mbili tatu katikati. Wakati generator inatafutwa kamba watu tayari wanaona njia.

Generator ikae NJE, mbali na mlango na madirisha, siyo kwenye korido ya nyuma eti mvua, moshi wake una kaboni monoksaidi, hainuki lakini inaua. Jerikeni ya petroli isikae karibu nayo na msiongeze mafuta ikiwa inanguruma au bado ina joto.

Tena ekstensheni zisipite chini ya mikeka, watu wanakanyaga plastiki inachubuka na huoni. Zipitishe juu au pembeni ya ukuta. Ile ya kuzungushwa kwenye gurudumu ifungue yote, ukiitumia ikiwa imejiviringisha inapata joto mpaka inayeyuka. Na balbu za zamani za joto zisiguse kitambaa, tumia LED. Makaburini weka zile mishumaa za betri za Wachina au taa ya sola umeifunika karatasi ya plastiki nyekundu kwa mbali kidogo, huwezi kujua tofauti na tadooba, kwanza hazizimwi na upepo.

Musa_WestNile
Jamani mnamtisha kijana bure. Sisi Arua tumepiga disko kwa holi mbovu kuliko hiyo, watu mia tatu, kufuli nyuma, generator ndani na hakuna kitu kilitokea. Hizi kanuni za wazungu ukizifuata zote hutafanya kitu. Weka mtungi mlangoni mwambie Mungu asante endelea.

Mama_Shamim
Musa mwanangu hebu tukumbushane kidogo. Usiku wa mwaka mpya kuingia 2023 pale Freedom City barabara ya Entebbe, moto haukuwepo kabisa. Watu walikuwa na furaha wametoka kuangalia fataki, wakabanana kwenye njia nyembamba, wakafa wasiopungua tisa na wengi walikuwa watoto. Hakuna kilichoungua! Ni njia tu. Sasa wewe unataka watoto waende gizani na kufuli iko nyuma.

Na disko si kitu kimoja na hii. Kwenye disko unaona mlango uko wapi. Huku mmeuficha makusudi.

Mimi nafundisha msingi na moto wa mabweni kila mtu hapa anaujua, shule ya Buddo 2008, shule ya wasioona ya Salama kule Mukono Oktoba 2022 walikufa kumi na mmoja. Kila ukitokea maswali yanakuwa yale yale, milango ilikuwaje na nani alikuwa na funguo. Kwa hiyo Sofia_Boy nakuomba haya kwa ajili ya watoto: wasiingie peke yao, kila kundi liwe na mtu mzima, kundi dogo, saba au nane, na kundi la pili lisiingie mpaka la kwanza litoke lote mmehesabu. Muwe na mtu wa kuandika wangapi wameingia na wangapi wametoka. Siku moto ukitokea swali la kwanza la zimamoto litakuwa ndani kuna nani, usianze kuuliza mashangazi.

Nguo za mizimu nazo. Ndevu za pamba, mawigi ya plastiki, shuka jeupe linaloburura, vyote hivyo vinawaka haraka sana. Barakoa ziwe zinaruhusu kuona pembeni, mzimu asiyeona hawezi kumtoa mtu. Kila mzimu ajue, nguo ikishika moto hakimbii, anasimama, analala chini, anabingirika amefunika uso. Muwafanyishe mazoezi kweli, watacheka lakini wafanyishe. Na mlangoni viberiti na sigara vibaki nje, mkague mifuko kwa adabu.

Sofia_Boy
Asanteni sana, aisee sikutegemea. Afande nimekubali sigiri na tadooba, magodoro yananiuma lakini sawa. Sasa kuta nitengeneze na nini? Turubai nazo zinawaka? Na hiyo milango nifanyeje, grili siwezi kukata ni mali ya kaunsili, mlango wa mbele nao ni wa kufungukia ndani siwezi kuugeuza.

Afande_Mstaafu
Turubai usiniulize mimi, iulize yenyewe. Kata kipande kirefu kama mkono wako, nenda nje pasipo na upepo, kishike na koleo kining'inie, mwenzio awe na ndoo ya maji pembeni. Weka moto wa kiberiti cha gesi kwenye pembe ya chini, hesabu mpaka kumi na mbili, ondoa. Kikizimika chenyewe ndani ya sekunde kama mbili hivi hicho kina afadhali. Kikiendelea kupanda kuelekea koleo, au kikidondosha matone yanayowaka chini, hicho hakiingii holini. Kaveera nakwambia kabisa itadondosha matone, utasikia yanalia vwip vwip yakianguka. Magunia ya katani na majani makavu ya migomba hata usipoteze muda, yatamaliza kabla hujahesabu tano.

Badala yake, mabati. Azima kwa mtu anayejenga, simamisha kwa fremu za mbao, kunja makali yake au yafunge mpira watoto wasijikate, na yafungwe imara yasimwangukie mtu. Bati haliwaki, na mzimu akilipiga ngumi kutoka nyuma hao watu wako watakojoa. Majani ya migomba tumia mabichi, na vigogo vyake vibichi kama vile vya kupamba harusi, vimejaa maji. Vya Ijumaa mvitupe, Jumamosi mlete vipya kwa sababu kwa joto la humo ndani vitaanza kukauka.

Juu USIFUNIKE. Kuta ziishie mita mbili, juu wazi mpaka dari. Taa zikizimwa giza ni lile lile, lakini zikiwashwa mwanga unaingia kila kichochoro kwa mara moja. Ukifunika juu ile kazi yote ya mtu wa swichi umeiua. Vichochoro viwe na upana watu wawili wapishane bila kugeuka ubavu, mita moja na robo hivi, na kusiwe na kichochoro kisichotoka. Kumpoteza mtu unaweza kwa kona nyingi, si lazima ujenge mwisho uliozibwa. Mtu wa kiti cha magurudumu naye apite.

Milango sasa. Kikawaida ukumbi wenye watu kuanzia hamsini mlango unatakiwa ufungukie nje, maana watu wakisukumana kwenye wa kufungukia ndani hakuna anayeweza kuuvuta. Wako hauwezi kugeuka, basi usifungwe kabisa muda wote wa shoo, mbao zote mbili zifunguliwe mpaka ukutani zifungwe na kulabu. Mwanga wa nje usiingie? Weka bati moja mbele kwa ndani, watu wanalizunguka, kona tu, lakini uache upana wa mlango wote pande zote mbili. Mlango wa nyuma kufuli inatoka na mnyororo unatoka, usikubali ile ya "askari ana funguo mfukoni". Mtu wenu anasimama hapo na tochi, tangu kundi la kwanza mpaka la mwisho. Kama katibu hataki kuufungua huo mlango basi holi hiyo haifai, tafuta nyingine au mfanyie nje uwanjani. Madirisha yenye grili usiyahesabu, yafanye kama ukuta.

Na watu wengi hukimbilia walikoingilia. Ile klabu ya Rhode Island, Marekani, Februari 2003, fataki za bendi ziliwasha sponji za ukutani, wakafa 100, na umati mkubwa ulikwama mlango wa mbele ingawa kulikuwa na milango mingine. Ndiyo maana nasema mizimu wawe waelekezaji. Kila mzimu ajue mlango wake kwa kichwa. Usiku wa mazoezi wafumbe macho wote, watoke kwa kupapasa kutoka pale wanapojificha. Asiyeweza mhamishe karibu na mlango.

Musa_WestNile
Sawa afande nimenyamaza. Lakini mtungi wa kuzimia si anahitaji? Hamjasema.

Afande_Mstaafu
Anahitaji, ila unakuja baada ya watu kutoka na ni kwa moto mdogo tu wa ukubwa wa kikapu. Mmoja kila mlango na mmoja kwa mtu wa swichi. Wa unga unafaa kwa vingi, kwa stima chukua wa kaboni dayoksaidi, ule wa maji usiupeleke karibu na waya. Angalia sindano ya ule wa unga iko kwenye kijani (wa kaboni dayoksaidi kwa kawaida hauna sindano) na pini ina sili, mingi inayotundikwa kwenye maholi ni pambo tu. Anayeutumia awe na mlango mgongoni kwake, avute pini, aelekeze chini kwenye kiini cha moto siyo kwenye ndimi, abane, apeperushe kushoto kulia. Ukiisha haujazima, toka.

Maandishi ya katibu yawe ukurasa mmoja na mchoro: milango, swichi, mitungi, nani anasimama wapi, wangapi ndani kwa mara moja, watu wakitoka wanakusanyika wapi. Nakala mpe mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, na nyingine peleka polisi, uombe ofisa wa zimamoto aje aangalie kabla ya Ijumaa, siyo Ijumaa yenyewe watu wamepanga foleni. Namba ni 999 au 112, na mpigaji apangwe kabisa ni nani, la sivyo kila mtu atadhani mwenzake amepiga. Na foleni ya malori hapo mpakani unaijua, gari likija lipite wapi? Boda zisiegeshwe getini.

fundi_waya
Moshi ukitaka kweli changeni mkodi ile mashine, inatumia kimiminika chake maalum siyo makaa, lakini isijaze mpaka mtu haoni miguu yake, na wenye pumu muwatangazie mlangoni. Mimi niko Busia wiki hiyo, Alhamisi naweza kupita niangalie hiyo mita na zile soketi, chai tu.

Sofia_Boy
Fundi Mungu akubariki, Alhamisi karibu. Mabati tumepata ishirini kwa mzee mmoja anajenga, katibu amekubali kufuli itoke ila anataka jina la atakayesimama mlango wa nyuma, tumempa. Makundi ya wanane. Mchoro nimeuchora kwa mkono nimeuweka hapo chini, afande nisahihishe.

Afande_Mstaafu
Nimeuona, si mbaya. Spika hiyo ya kushoto imeziba nusu ya mlango wa nyuma, ipandishe jukwaani. Na meza ya tiketi umeiweka katikati ya mlango wa mbele, pamoja na benchi la kusubiri. Hiyo itoke nje kabisa, na foleni isimame pembeni, isisimame mbele ya mlango.

Sofia_Boy
Spika imepanda. Tiketi tutauzia kwenye kibanda cha boda ng'ambo ya geti, mwenyekiti wa steji amekubali ila anataka kuingia bure na wake zake wawili.